Injini ya Ada na Kidude cha Shaba

Mkolani, Mwanza

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika salamu hii nikijua kwamba marahaba yako haitarudi, ile marahaba ndefu uliyokuwa ukiivuta huku ukitafuta miwani. Hata hivyo sikulelewa kuanza maneno na mkubwa bila kumwamkia, na sioni kwa nini kaburi libadili adabu hiyo.

Nakuandikia kwa sababu leo asubuhi boti yako, Ada, imerudi majini, na kwa sababu kabla haijarudi ilinilazimu kusema jambo juu yako mbele ya ukoo mzima. Nisingependa jambo hilo likae kati yetu bila wewe kulisikia kutoka kwangu. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikunjia uso.

Kwanza habari za nyumbani. Mama hajambo, kwa kiasi anachoweza kuwa hajambo. Bado anaanika udaga wa muhogo juu ya lile jiwe la nyuma ya nyumba, na bado anakilinda kiti chako cha upande wa mlango. Mgeni akikikalia, Mama humtafutia kazi ndogo ya kumsimamisha, mara amsaidie kufungua dirisha, mara amwangalizie kuku, na mgeni akirudi hukuta kitambaa kilichokunjwa kimewekwa juu ya kiti.  Shahada yangu ya uhandisi wa mitambo imetoka. Siku ya mahafali nilivaa joho kama ulivyotaka, na mpiga picha aliponiuliza kwa nini nasimama pembeni badala ya katikati, nilimwambia kuna mtu anakuja. Nilijua huji, Baba. Lakini katikati sikuweza kusimama.

Ada nayo watu bado wananiuliza ni nani. Abiria wapya wakiliona jina hilo ubavuni mwa boti hudhani ni mke mdogo uliyemficha, na Fundi Hamisi huwaacha wadhani hivyo mpaka wanakaribia kushuka. Ndipo huwaambia kwamba ni ada ya shule, ada yangu mimi, iliyotoka katika ile injini ya dizeli uliyoing'oa kwenye lori lako bovu na kuifunga katika boti ya mbao nilipokuwa bado madarasa ya chini. Anaisimulia hadithi hiyo kana kwamba ni yake, na kwa kweli ni yake. Tangu siku injini ile ilipowaka kwa mara ya kwanza hadi siku ulipolala hospitali, hakuna nati iliyokazwa ndani yake bila mkono wake.

Sijui kama ulimwona siku ya mazishi yako. Alivaa ovaroli yako ya kazi, ile yenye kiraka gotini, akalala njiani pale jeneza lilipotakiwa kupita. Akasema Msukuma huyu hapiti mpaka aseme nani ataangalia injini, maana Wasukuma wote anaowajua yeye ukiwapa injini wanaitafutia malisho. Shangazi zangu walicheka machozi yakiwatoka. Fundi ni Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wetu, na mtani ana haki yake msibani. Alipewa jogoo, akainuka, mkapita. Kisha alivua ile ovaroli, akaikunja, akaiweka magotini mwa Mama.

Matanga yalipokwisha, Ada iliendelea na kazi chini ya usimamizi wake. Haikupita muda mrefu injini ikanoki, ikagonga ndani kwa ndani na kuzima. Utakumbuka kwamba ilinoki pia ulipokuwa umeanza kuugua, ukaifanyia ovaholi, ukaifunga beringi mpya, ukasema sasa injini hii itanizika. Ilikuzika kweli, Baba, ila haikufika mbali baada ya hapo. Beringi zile mpya ziliisha kabla ya wakati wake kama zilivyoisha zile za mwanzo.

Baba Mkubwa hakuhitaji kufungua injini ili kujua kilichoiua. Kaka yako alivuta kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole, akasema oili hii hata haijawa nyeusi sawasawa, iweje injini ife? Basi oili yenyewe ni ya kuchakachua. Hamisi ananunua oili iliyokwisha kutumika mahali pengine, ikachujwa na kutiwa rangi, kisha anatuletea makopo mazuri. Alilisema nyumbani, akalirudia mwaloni Kirumba, pale boti zinaposhusha samaki na abiria, na mwaloni neno halihitaji kurudiwa mara ya pili. Siku iliyofuata wapakiaji wa dagaa walimwona Fundi akishika kikombe, wakamuuliza kama na hiyo chai nayo waionje kwanza. Wenye boti waliokuwa wakimwita kila wiki wakaanza kupitisha macho juu ya kichwa chake. Unajua alivyo: utani aliokuwa akiwapa wengine ulimrudia, na huu haukuwa utani.

Simlaumu Baba Mkubwa. Alikuzoea wewe tangu mkichunga pamoja, na nadhani sauti ya injini ile ndiyo kitu cha mwisho kilichokuwa kikimwambia kwamba mdogo wake bado yupo mahali fulani ziwani. Iliponyamaza, alihitaji mtu wa kumshika shati. Akaitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya ibada, hapa nyumbani, ili Fundi Hamisi aondolewe katika boti mbele ya mashahidi. Akaniita kando, akaniambia, "Kabula, wewe ndiye injinia wa ukoo. Utatusomea ugonjwa, sisi tutakata." Nakiri kwamba kifua changu kilijaa. Ilikuwa mara ya kwanza wazee kuniomba neno. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba daktari hasomi ugonjwa bila kumpima mgonjwa, na kwamba ningeomba kuifungua injini kwanza. Alikubali, kwa kuwa hakuwa na shaka nitakachokikuta.

Niliifungua pamoja na Fundi mwenyewe. Alinikabidhi spana kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi, akasema, "Shika, Injinia, ukoo wako unasubiri nyama." Huo ndio mzaha pekee aliofanya siku hiyo.

Tulipozitoa beringi za konrodi, ile mikono ya chuma inayosukumwa na pistoni, nilizisogeza kwenye mwanga na kuzitazama kwa muda. Injini ikiuawa na mchanga, beringi huchanika kwa mistari. Ikikosa oili, huungua na kubadilika rangi. Hizi hazikuwa na michirizi wala hazikuungua. Zilikuwa na vishimo vidogo vidogo kila mahali, kama mbao iliyoingiliwa na mchwa. Chini ya kifuniko cha kujazia oili kulikuwa na ute mweupe unaofanana na uji mwepesi. Fundi alisema uji huo anaupangusa kila wiki, na kwamba wewe, ulipokuwa hai, ulimwambia ni unyevu wa ziwa tu.

Hapo nilikwisha kujua jina la ugonjwa. Kilichozila beringi zako, Baba, ni asidi.

Naomba nikueleze kama nilivyowaeleza wao, kwa mfano wa tumbo lako mwenyewe. Ulipokula ugali wa udaga jioni, kiungulia kilikupanda, na Mama alikukorogea maji yenye magadi kidogo. Magadi yaliituliza ile asidi, ukalala. Dizeli inapoungua, salfa iliyomo ndani yake hutoa moshi mkali, na moshi ule ukikutana na maji hugeuka asidi. Watengenezaji wa oili wanalijua hilo, kwa hiyo huchanganya ndani ya oili dawa ya namna ya magadi, akiba ya kuituliza asidi kila inapozaliwa. Akiba hiyo hupungua kidogo kidogo. Siku inapokwisha, asidi haina wa kuizuia, na huanza kula chuma laini kuliko vyote, yaani beringi. Rangi ya oili haisemi lolote juu ya jambo hilo. Weusi ni masizi tu. Oili nyeusi inaweza kuwa na akiba nzima, na oili yenye sura nzuri ikawa imekwisha nguvu zamani.

Basi nilichukua oili ya ndani ya injini, nikachukua na kopo ambalo Fundi alikuwa hajalifungua, nikanunua jingine la aina ileile katika duka ninaloliamini pale mjini. Rafiki yangu wa masomo ni msaidizi wa maabara ya chuo, akaniruhusu kupima. Kazi yenyewe ni ya kudondosha dawa tone kwa tone hadi rangi igeuke, na inahitaji mtu asiye na haraka. Oili ya kopo la Fundi na ile niliyoinunua mimi hazikupishana. Zote zilikuwa na akiba yao kamili. Ya ndani ya injini haikuwa na akiba hata kidogo. Nilizipima tena, nikapata vilevile.

Fundi Hamisi hakuchakachua kitu, Baba. Alinunua oili halali, akaibadilisha kwa wakati uliouweka wewe. Na bado injini ilizaa asidi kuliko oili hiyo ilivyoweza kuihimili. Nilirudi mwaloni nikiwa na furaha ya kumsafisha, lakini pia na swali: kwa nini?

Nilifungua kila mahali panapofunguka. Mwisho nikafungua kichwa cha bomba linalotoa maji katika injini, mahali panapokaa thamostati, kile kidude kinachofunguka na kujifunga kwa joto la maji. Hapakuwa na thamostati. Palikuwa na nafasi ya duara, safi, iliyokwanguliwa vizuri na mtu aliyejua anachokifanya.

Nikamuuliza Fundi, "Nani alikitoa?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu. "Funga tu, mwanangu."

Nikamwambia kwamba Jumapili watamfukuza, na kwamba jibu lake linaweza kumwokoa. Aliendelea kufuta. Kisha akasema maneno ambayo nitayabeba maisha yangu yote: "Kumtania marehemu ni haki yangu. Kumshitaki si haki yangu."

 Niliendelea kusimama pale, mikono yangu ikinuka dizeli, nikaona waziwazi dirisha la chumba changu hapa Mkolani, na juu ya kizingiti chake kidude cha shaba chenye springi, ambacho nimekitumia kuzuia karatasi zisipeperuke tangu shule ya msingi hadi nilipoandika tasnifu yangu.

Unaikumbuka siku uliponipa kidude hicho? Injini ilikuwa chini ya turubai hapa uani, imetoka kwenye lori, bado haijaenda ziwani. Ulitoka na kitu kiganjani, ukaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, njoo uone chuma chenye akili." Ukamwomba Mama sufuria ya maji ya chai. Ukakitumbukiza. Maji yalipopata moto, kidude kikafungua mdomo wake polepole, na ulipokitoa kikapoa, kikaufunga. Hakuna aliyekigusa. Nilikuomba urudie, ukarudia, nikakuomba tena, hadi Mama akasema sasa chai itanuka garimoshi. Ndipo uliponipa kiwe changu. Ukasema ni mali ya nchi za baridi, huku kwetu jua linatosha. Nilipoulizwa chuoni kwa nini nilichagua mitambo, nilisimulia habari ya sufuria ile. Nimeisimulia hata katika barua zangu za kuomba kazi.

Kwa hiyo kitu kilichonifanya mhandisi ni kilekile kilichokosekana katika injini. Nilikaa kitandani, nimekishika, na sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili vibaya.

Tafadhali usidhani nilikuhukumu. Nilifikiri kwa muda mrefu kama wewe ulivyokuwa ukifikiri, na nikaona njia uliyopita. Ulikuwa dereva wa lori. Thamostati ya lori la zamani ilikukwamia mlimani, injini ikachemka, ukalala porini na mzigo wa watu. Tangu hapo ulifanya kama wafanyavyo madereva wengi wa nchi hii: kila injini uliyoishika uliitoa thamostati, maji yakazunguka moja kwa moja, na hakuna iliyochemka tena. Ilikuwa desturi ya barabarani, na barabarani ilikutunza. Ulipoihamishia injini ziwani, uliihamisha pamoja na desturi yake. Lakini lori huzungusha maji yaleyale, na boti hunywa ziwa zima. Bila kile kidude cha kuyazuia maji mpaka yapate moto, injini yako ilikuwa ikioga maji mapya ya baridi tangu inawashwa hadi inazimwa. Mvuke ukawa unageuka matone ndani yake, matone yakakutana na moshi wa salfa, na hapo asidi ikazaliwa. Ule uji chini ya kifuniko ndio uliokuwa ukituambia.

Na kwa nini haikufa miaka ile ya mwanzo? Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Miaka ile Ada ilikwenda visiwani, safari ndefu, mzigo mzito, na kazi yenyewe iliipa injini joto. Ulipoanza kuugua ulitaka kulala nyumbani kila siku. Ukaacha visiwa, ukabaki na mialo ya hapa ghubani, mwendo mfupi, kisha kusimama na injini ikinguruma tupu ukingoja abiria. Kwa mwendo huo injini haikupata joto hata siku moja. Iliumwa kwa sababu ulitaka kuwa karibu nasi.

Jumamosi nilimwonyesha Mama kile kidude, nikamweleza. Alikigeuza mkononi. Akasema, "Baba yako hajajibu lolote tangu alipoondoka. Ukimtaja kwa kosa, nani atamtetea?" Kisha akaenda kugeuza udaga wake.  Ningeweza kusema mbele ya kikao kwamba beringi zilikuwa mbovu tangu kiwandani, na wote wangetikisa vichwa na kuilaani dunia ya siku hizi. Ila Baba Mkubwa alikwisha kutangaza mwaloni, na uongo wa namna hiyo ungemwachia Fundi doa lake. Mtu wa kazi ile akikosa jina, hata spana zake hazina pa kwenda.

Jumapili walikuja wote. Fundi Hamisi alikaa karibu na mlango, juu ya kigoda, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na kiti chako kilikuwa kitupu pembeni yake. Nilieleza beringi, nikaeleza maabara, nikaeleza kiungulia chako na magadi, na hapo Shangazi alicheka kwa kukumbuka ulivyokuwa ukigugumia usiku. Baba Mkubwa akaniuliza kwa nini basi tusitie magadi ndani ya injini mambo yakaisha. Kikao kikaangua kicheko. Nikamjibu kwamba magadi yangesaga chuma kama mchanga, na kwamba dawa ya injini lazima iyeyuke katika oili tangu kiwandani. Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Oili ni nzima. Asidi inatoka wapi?"

Hapo nikaomba maji ya moto.

Nilikuwa nimedhani nitakwenda kuyaleta mwenyewe. Mama aliinuka kabla yangu. Alirudi na sufuria ileile ya siku zile, yenye mpini uliolegea, akaiweka mezani mbele ya Baba Mkubwa, akasimama nyuma yangu. Sikumtazama, kwa sababu ningemtazama nisingemaliza.

Nilikitumbukiza kile kidude. Wote waliinamisha vichwa. Baada ya miaka yote ile ya kukaa juu ya karatasi zangu, Baba, kilifungua mdomo.

Nikawaambia kazi yake, na mahali kilipopaswa kuwa, na nani alikitoa, na kwa nini. Nilisema kwamba hukukitoa kwa uzembe. Nilisema ulikitoa kwa ajili ya usalama wa watu na mizigo yao, na kwamba hakuna aliyekwambia kuwa ziwa si barabara. Nilisema Fundi Hamisi aliijua nafasi ile tupu, na alikuwa tayari kufukuzwa kuliko kukutaja.

Baba Mkubwa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, mwanangu, umekuja kumshitaki marehemu ndani ya nyumba yake?"

Nikasema, "Hapana, Baba Mkubwa. Nimekuja kumwomba aliye hai asibebe mzigo wa marehemu. Baba mwenyewe asingekubali abebewe."

 Nilisikia sufuria ikipoa, na kile kidude kikijifunga kwa mlio mdogo. Baba Mkubwa akakichukua kutoka majini kwa vidole vyake, akakipangusa kwa shati lake, akakitazama mbele na nyuma. Akasema, "Mdogo wangu alikuwa mbishi tangu utotoni. Ng'ombe akipita njia moja mara moja, basi kwake hiyo ndiyo njia."  Kisha akainuka, mzee yule, akatembea hadi kwenye kigoda cha mlangoni, akainama. "Hamisi. Nimelitawanya jina lako mwaloni. Kesho nitakwenda kuliokota, nyumba kwa nyumba, mbele ya walewale walionisikia."

Fundi akaishika mikono ya mzee. "Nenda asubuhi," akasema. "Msukuma akitafuta kitu mchana huishia kwenye mnada wa ng'ombe."

Walicheka, Baba. Wote wawili, wameshikana mikono, wakicheka kama watu wanaokohoa. Na Mama akasema, "Fundi, hapo ulipo pana upepo. Kaa kwenye kiti." Alikuwa na maana ya kiti chako. Fundi alikataa kwanza, kama inavyopasa. Mama hakumtafutia kazi ya kumsimamisha.

Baba Mkubwa alitimiza ahadi yake. Nami nimefanya ninayoyajua. Tumefunga beringi mpya. Tumechagua oili yenye akiba kubwa zaidi ya kuituliza asidi, na tutaibadilisha kwa saa ambazo injini imefanya kazi, wala si kwa rangi ya kidole. Kila asubuhi maji yatamwagwa kutoka chini ya tangi la dizeli, na boti haitanguruma tupu mwaloni kungoja abiria. Ama inakwenda, ama inazimwa. Wenye boti wengine wameniomba niwaeleze mafundi wao, na nimekubali. Nitaanza na sufuria. Vilevile nimeitwa kwenye usaili wa karakana moja ya vyombo vya majini. Nitavaa viatu ulivyoninunulia, vile ulivyosema vina sauti ya ofisi.

Thamostati mpya nilinunua, kwa kuwa sikutaka mapenzi yashinde vipimo. Niliiweka katika sufuria moja na ile ya zamani, nikayapasha maji taratibu nikitazama kipimajoto. Vilifunguka pamoja. Fundi alikuwa amesimama begani kwangu, akasema, "Chake kirudi kwake." Basi kidude chako ndicho kilichorudi ndani ya injini, na kile kipya kimebaki dirishani kikizuia karatasi hizi ninapoandika.

Leo asubuhi tuliiwasha Ada na hatukuondoka mara moja. Abiria walianza kunung'unika, mama mmoja mwenye ndoo za samaki akauliza kama tunangoja askofu. Fundi Hamisi alikuwa ameweka kiganja juu ya injini, akisikilizia joto. Akamjibu bila kugeuka, "Tulia, mama. Injini hii ni ya Wasukuma. Inaamkiwa kwanza." Mshale wa joto ukapanda, ukafika pale ulipokuwa haujawahi kufika tangu Ada ijengwe, ukatulia. Nilisikia sauti ya injini ikibadilika, ikawa nzito na tulivu. Ilinikumbusha ile marahaba yako.

Pumzika, Baba. Mengi nitakueleza nikija kufagia kaburi. Neno moja tu nakuahidi leo: kile kidude kitakapochoka nitakitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na nitaweka kingine saa hiyohiyo. Ile nafasi ndani ya injini haitakaa tupu tena.

Ile ya katikati ya picha ya mahafali nitaiacha ilivyo.

Mwanao,
Kabula